Tembe 91 ndani ya mkebe wa majani chai

Nilizimwaga kitandani nikazihesabu mbili mbili, kama mweka hazina wa chama anavyohesabu hela mbele ya wanachama. Zilikuwa 91. Tembe moja kwa siku, wiki kumi na tatu kamili. Mke wangu alikuwa hospitalini na mtoto, nami nilikuwa nimerudi nyumbani mtaa wa Manyatta, Kisumu, kuchukua blanketi, kikombe cha plastiki na daftari la kliniki. Kabla sijachukua chochote nilipanda kiti, nikapapasa juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa ya wageni, nikautoa mkebe wa majani chai nilimokuwa nimezificha.

Sikuwa nimezitupa. Jambo hilo limenisumbua kuliko mengine yote. Mtu aliyesadiki kwamba dawa ni sumu huitumbukiza chooni siku hiyo hiyo. Mimi niliziweka mahali pakavu, kifuniko nimekikaza. Mke wangu huuza omena na hurudi usiku, kwa hiyo kumpa mtoto dawa ya jioni ilikuwa kazi yangu. Kila jioni nilitoa tembe moja kwenye pakiti ya hospitali nikaitia mkebeni, ili mama yake akitazama pakiti aone zinapungua.

Mke wangu ameyasoma haya kabla yenu, neno kwa neno, akasema niyaandike.

Mwana wetu sasa amepita miaka saba. Ana siko seli, ugonjwa ambao vitabu huuita selimundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, hujikunja zikafanana na mundu wa kukatia nyasi. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe ya mtoto mwenye selimundu huishi siku kumi hadi ishirini, ikavunjika. Ndiyo maana macho yake huwa na umanjano na damu yake haijawahi kutosha. Chembe hizo zikikwama kwenye mshipa mwembamba damu haipiti, na pale isipopita ndipo maumivu yanapoanza. Nimemshika mwanangu usiku akiuma mto ili asiwaamshe wenzake. Zaidi ya hapo siwezi kueleza.

Tulijua akiwa na miezi minane. Viganja na nyayo vilivimba kwa pamoja, ngozi ikang'aa. Mmoja akasema ni jicho la watu, mwingine akasema ni meno, na kwenye duka la dawa tukauziwa dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye hospitali ikapima damu. Daktari alituita ndani, akasoma karatasi, akasema, "Ni SS. Ninyi wawili ni AS." Akaandika. Nje kulikuwa na foleni iliyoanza kujipanga alfajiri, watu wanatazama ule mlango kama mlango wa mbinguni. Alituandikia penisilini asubuhi na jioni mpaka mtoto atimize miaka mitano, foliki asidi, alale kwenye chandarua, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Kila neno lilikuwa sahihi. Lakini tulipoketi kwenye tuktuk mke wangu aliniuliza, "SS ndiyo nini?" Nami, mwalimu wa watu, nikatazama barabara.

Tulikaa ndani ya ule ukimya miaka mitano. Ninataka mwenye kusoma aelewe hivyo, kwa sababu wengi hudhani mtu huacha dawa kwa kukosa elimu. Mimi nina shahada, nafundisha Kiswahili sekondari. Nilichokosa ni mtu wa kukaa nami.

Alipofika miaka mitano na nusu, maumivu yalikuwa yanamlaza karibu kila mwezi. Kliniki ikamwanzishia haidroksiyurea. Tembe moja kila siku. Alijifunza kuimeza kwa kipande cha ndizi mbivu: namkatia, nachimba tundu kwa kidole, naifukia tembe, anameza. Ndani ya miezi michache alikuwa anamaliza wiki nzima shuleni. Alinenepa mashavu. Ilipofika Desemba tulienda Busia kwa wakwe, akakimbizana na binamu zake uwanjani, na bibi yake akasimama mlangoni akimtazama bila kusema kitu.

Siku tuliyopewa ile dawa, kijana wa dirishani alitupa maonyo. Msiishike kwa mikono mitupu. Mama akiwa mjamzito asiiguse kabisa. Msiifungue. Mkimaliza nawa mikono kwa sabuni. Ni maonyo ya haki na nimeyafuata hadi leo. Lakini hakueleza sababu, na maonyo bila sababu hayatulii kichwani. Dawa gani hii, nilijiuliza, mtu mzima anaogopa kuigusa lakini mtoto anaimeza?

Mwenye jibu alikuwa Dani.

Dani si ndugu yetu wa damu. Ndiye nyanya wa mtaa mzima, na hakuna anayemwita kwa jina lingine. Alifanya usafi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu. Mama yangu alipofariki, Dani ndiye aliyefika wa kwanza, na taa yake mkononi, akalala mkekani kwetu siku nne. Leo usiku nikianguka, atafika kabla ya gari lolote. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, hulipimi kama unavyopima la mpita njia.

Alikuja jioni moja, akaketi kwenye kigoda, akamwita mtoto. Akamvuta kope la chini kwa kidole gumba akatazama ndani. Akambonyeza tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, mahali pa bandama, taratibu, vidole viwili. Hakuna muuguzi aliyewahi kumgusa mwanangu kwa upole kama ule. Kisha akaomba aione dawa. Aliisogeza pakiti karibu na taa.

"Japuonj," akaniambia. Huniita hivyo, mwalimu. "Hii ni dawa ya kansa. Nilikuwa naiona wodini. Wewe mwanao ana kansa?"

Nikasema hana.

"Basi mbona unampa? Huyu ni mvulana. Unataka akue asizae? Ukoo wa baba yako uishie hapo?"

Nilitaka kumjibu, nikatafuta la kusema, sikulipata. Na hapa ndipo nilipoanguka, kwa sababu Dani hakusema uongo. Haidroksiyurea hutumika kweli kutibu baadhi ya saratani za damu. Inaweza kweli kupunguza mbegu kwa mwanamume anayeitumia. Alikuwa ameshika nusu ya ukweli, na nusu ile ilikuwa nzito kuliko ukimya niliopewa hospitalini. Nilitafuta kwenye simu usiku ule, nikakuta maneno yale yale, kansa, uzazi, na sikusoma zaidi. Wiki hiyo hiyo binamu yangu wa Nairobi, ambaye hajawahi kumwona mtoto akilia, akatuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp ya familia, dakika saba, kwamba dawa za hospitali zinaua maini na kwamba amesikia kuna mtu Kisumu anatibu damu kwa mizizi.

Mtu huyo tulimpata sokoni. Alivaa koti jeupe, na wote waliokuwa pale walimwita daktari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza jina la babu yangu, aliniuliza mtoto anaota nini, aliniuliza kama mimi mwenyewe ninalala. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninalala. Alizungumza nami dakika arobaini. Nikaondoka na chupa ya lita moja, shilingi 1,500, isiyo na lebo wala tarehe, kipimo chake kifuniko cha soda asubuhi na jioni. Nyumbani nilimwambia mke wangu ni ya kuongeza damu, itaenda sambamba na tembe. Akakubali kwa shingo upande.

Usiku huo nilikata ndizi, nikachimba tundu, sikuweka kitu. Mtoto akameza akanitazama. "Baba, leo haina uchungu," akasema.

Neno hili daktari limenifikirisha sana tangu hapo, maana maneno ndiyo kazi yangu. Kwetu, anayekuchoma sindano ni daktari. Muuguzi ni daktari. Afisa wa kliniki ni daktari. Kijana anayekaa duka la dawa kwa niaba ya mjomba wake ni daktari, "daktari nipe ya mafua." Mwenye kipaza sauti juu ya gari sokoni naye ni daktari. Tunalitoa kama heshima, kama tunavyomwita mtu mzima mzee au mama, na si vibaya kuheshimu watu. Lakini heshima hiyo imefuta mstari uliogharimu watu miaka mingi ya masomo. Kenya tunalo baraza la madaktari linaloweka orodha ya waliosajiliwa, na ipo intaneti, mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Kwa siku zote nilizonunua ile chupa, halikunijia hata wazo la kumtafuta yule mtu pale. Alikuwa ameshaitwa daktari na watu.

Wiki ya kwanza mtoto alikuwa mzima. Ya pili, mzima. Ya sita, mzima, na anacheza. Nilianza kumwambia Dani, unaona? Naye akacheka kwa furaha ya kweli, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Nimekuja kuelewa baadaye kilichokuwa kinatendeka, na naomba mzazi yeyote aliye nilipokuwa asome hapa polepole. Haidroksiyurea humfanya mtu arudie kutengeneza damu aina ya ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake. Damu ya kichanga haijikunji. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima na kuanza kuugua miezi inavyosonga, ile damu ya kwanza inapokwisha. Dawa hairudishi damu hiyo kwa siku moja. Huchukua majuma na miezi kujenga, na ukiiacha, iliyojengwa haiishi siku ile ile. Huondoka kidogo kidogo chembe za zamani zinapokufa. Kwa hiyo wiki zile sita njema zilikuwa za tembe nilizokwisha kumpa. Dawa iliendelea kumlinda mwanangu baada ya mimi kuitoa mlangoni, na sifa zote nikaipa chupa.

Shangazi yangu wa Ahero alipita njia hiyo hiyo kwa ugonjwa mwingine. Aliambiwa kanisani kwamba dawa za presha ukizianza mwili unazizoea, bora uziache mapema. Akaacha. Kichwa hakikumuuma, akasema amepona. Presha haina desturi ya kuuma. Alipooza upande wa kulia akiwa anakoroga uji, na walioketi naye kanisani walilia kuliko sisi. Hawakumtakia mabaya hata kidogo.

Mwezi wa nne mvua za masika zilianza, na Kisumu mvua ni mbu. Ijumaa mtoto alirudi shule akasema miguu inamuuma. Nikamkanda. Saa tatu usiku akaanza kutetemeka kwa homa. Saa sita mgongo, kisha kifua. Mama yake ndiye aliyemvuta kope la chini, kama Dani alivyofanya, akawasha taa ya simu. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi ya daftari. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya nta. Alikuwa anapumua kama aliyekimbia, na alikuwa amelala.

Tulimweka katikati yetu kwenye bodaboda. Barabara ilikuwa tupu, maji yamejaa kwenye mashimo, na yule kijana wa boda hakusema neno njia nzima, wala hakupokea pesa. Hospitalini walimtoboa kidole. Kiwango chake cha damu kwa kawaida husoma 8. Usiku ule ilisoma 3.9. Malaria ilikuwa imezikuta chembe dhaifu ikazivunja kwa wingi. Alfajiri alikuwa na mfuko wa damu ya mtu tusiyemjua ukining'inia juu yake, na mama yake anahesabu matone.

Daktari wa zamu ya asubuhi alikuwa msichana mdogo, labda miaka thelathini. Alisimama na karatasi mbili, ya leo iliyopimwa kabla hajaongezwa damu, na ya kliniki ya Januari. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii dawa huzifanya chembe nyekundu ziwe kubwa kuliko kawaida. Januari zilikuwa kubwa, nikafurahi. Leo zimerudi ndogo. Mtoto aliacha dawa lini?"

Ningeweza kudanganya. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimedanganya kliniki, nikasema anameza kila siku. Lakini karatasi ilikuwa imeshasema. Nikamwambia. Mke wangu alikuwa pale, mkono wake juu ya unyayo wa mtoto. Hakunigeukia. Siku mbili zilizofuata aliniambia maneno ya kazi tu: shika hii, lete maji, mwite muuguzi.

Nilingoja kukaripiwa. Nilitamani kukaripiwa. Badala yake daktari alivuta kiti, akaketi, akauliza, "Uliogopa nini hasa?"

Tangu mwanangu azaliwe sikuwa nimeulizwa swali hilo. Nikamweleza yote: kansa, uzazi, ukoo, maonyo ya dirishani. Akasikiliza. Kisha akasema, ndiyo, hutibu saratani pia. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, na kipimo cha mtoto wangu hupangwa kwa uzito wake. Ndiyo, ina hatari zake, inaweza kushusha chembe za kinga, ndiyo maana tunapima damu kila mara na hatukupi tu uende. Ndiyo, inaweza kupunguza mbegu kwa mwanamume, tutalizungumza atakapobalehe, naye mwenyewe akiwepo. Lakini, akaendelea, selimundu yenyewe pia huharibu nguvu za kiume, huziba mishipa ya ubongo, hudhoofisha figo. "Umeogopa dawa," akasema. "Ugonjwa je, uliuogopa?"

Akachukua daftari la kliniki, akachora nyuma yake duara tatu zikipita kwenye bomba, na chini yake mundu tatu zimekwama. Nimelikata lile jalada, nimelibandika ukutani.

Aliniambia pia kuhusu Kilifi na Mbale. Nilidhani ushahidi wa dawa hizi ni wa Wazungu na miili ya Kizungu. Ni kweli Marekani iliidhinisha haidroksiyurea kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998 na kwa watoto mwaka 2017. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulifanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, kwa watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi. Hapa Kenya ulikuwa Kilifi. Uganda ulikuwa Mbale, ukivuka tu Malaba. Kwa hesabu ya watoto 100 katika mwaka mmoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ambayo wengi waliogopa ingeongezeka, ilipungua kwa karibu nusu. Nilimwomba airudie hiyo ya malaria. Akairudia.

Nikatazama saa ya ukutani alipoinuka. Alikuwa ameketi nasi dakika kumi na mbili. Nimezifikiria mara nyingi. Hazikuwa arobaini. Lau ningezipata siku ya tuktuk, miaka mitano mapema, nisingelijua soko lile. Ninajua madaktari wetu ni wachache na foleni ni ndefu, nimeziona kwa macho yangu, na simwombi mtu mmoja abebe kazi ya kumi. Lakini kumweleza mzazi nako ni sehemu ya tiba, si hisani ya baada ya tiba, na kama daktari hana nafasi basi awepo mtu mwingine aliyefunzwa wa kuketi na mzazi kwenye benchi. Pasipokuwa na mtu huyo, nafasi yake haikai tupu. Hujazwa na aliye karibu.

Kulikuwa na swali moja ambalo hata yeye hakulijibu, la kwa nini sisi. Dani alikuwa na jibu lake: alisema kuna mwiko wa zamani ulivunjwa upande wa mama wa mtoto, chira, na damu inalipa. Mke wangu alilisikia neno hilo likisemwa jikoni, na tangu siku hiyo hakutaka kwenda kwao. Kwao Busia walizikwa watoto wawili, kaka na dada yake, wote kabla ya miaka minne, wote wenye macho ya manjano.

Jibu nililipata kwa kusoma, miezi baadaye. Kulikuwa na mtu aitwaye Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini akalelewa Gilgil, hapa tu karibu na Nakuru. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya akazunguka akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya ziwa letu la Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa na nusu ya selimundu, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, ile AS ambayo mimi na mke wangu tunayo. Kule nyanda za juu hakufikia hata mmoja kwa mia. Allison akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Kuna mbu. Mwaka 1954 akachapisha jibu: mwenye nusu hiyo hulindwa dhidi ya malaria kali. Zamani, kabla ya chandarua na dawa, watoto wa ziwani waliobaki hai walikuwa zaidi wale walioibeba. Ni pale tu wawili wenye nusu wanapooana ndipo, kila mimba, kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atapata zote mbili, ile SS.

Nilimsomea mke wangu kitandani, taa imezimwa, kwa mwanga wa simu. Nikamwambia hakuna mwiko uliovunjwa kwenu. Bibi zako waliishi kwa sababu ya damu hii hii. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kwa hiyo wale wawili hawakuwa wamelaaniwa." Akalia mpaka jogoo, na asubuhi akampigia mama yake simu.

Daktari yule aliwahi kuniuliza jambo lingine, siku ya kuruhusiwa: nyumbani kwenu, ukiacha ninyi wawili, nani ana neno juu ya mtoto huyu? Nikamtajia Dani. "Njoo naye kliniki ijayo," akasema. Sikuamini kama atakubali, lakini alivaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda tuktuk sote wanne. Aliketi mbele ya daktari umri wa mjukuu wake, akauliza kila alichokuwa nacho, kwa Kijaluo na Kiswahili, kuhusu kansa, kuhusu uzazi, kuhusu kwa nini mikono inawe. Daktari alimwita mama kila sentensi. Alimwomba amwonyeshe anavyopima bandama, akatazama, akasema vidole vyake viko mahali pake kabisa, na kwamba akiikuta imevimba au mtoto amepauka asingoje kuche, atuamshe. Dani alisimulia hilo mtaani wiki nzima.

Ningependa kusema alibadilika. Hajabadilika. Bado anasema ile ni dawa ya kansa, na juzi alimwambia jirani mwenye sukari ajaribu majani fulani. Nilimfuata yule jirani hadi kwake nikamwomba asiache sindano zake, tukakaa hadi usiku. Mkebe wa majani chai niliupeleka hospitalini wenyewe, wakazichukua zile tembe 91 wakaziharibu kwa utaratibu wao. Mke wangu sasa hutoka sokoni mapema, na dawa humpa yeye. Sijamwomba anirudishie kazi ile.

Jana saa moja jioni Dani alibisha hodi, akaketi kwenye kigoda chake. Mtoto akamkimbilia. Mke wangu akanawa mikono, akavaa glavu, akatoa tembe. Dani akaitazama, akasonya, akafungua leso yake. Ndani mlikuwa na ndizi mbili mbivu, zile fupi za Kisii. Akaimenya moja mwenyewe, akachimba tundu kwa kidole, akaikingia mbele ya mama wa mtoto.